Tufe, ramani ya ukutani na kadi za bendera: kipi kinafundisha uraia wa dunia, kipi ni pambo la ofisi

Ukiingia kwenye duka la steshenari Dodoma mjini na kuulizia vifaa vya kufundishia uraia wa dunia, utaoneshwa zaidi vitu vitatu: tufe, ramani ya ukutani na pakiti ya kadi za bendera. Shule hununua vyote, kisha tufe likaishia juu ya kabati la mwalimu mkuu. Hapa tumevipima kwa swali moja tu: je, mtoto wa darasa la tano anaweza kupimia kitu akaona jinsi maisha ya hapa yanavyofungamana na ya watu wa mbali?

Tufe kwanza. Lenye kipenyo cha sentimita 14 liacheni dukani. Sentimita moja juu yake ni kama kilomita 900, kwa hiyo Tanzania nzima, kaskazini hadi kusini, haifiki sentimita moja na nusu, na Rwanda na Burundi hazina hata pa kuandikwa majina. La sentimita 32 ndilo la kazi: sentimita moja ni takriban kilomita 400, hesabu ambayo mtoto anaifanya kichwani.

Kabla ya kulipa, litazameni kwa karibu. Sudan Kusini ipo? Ilipata uhuru mwaka 2011. Swaziland imeshaandikwa Eswatini, jina la tangu 2018? Kama Sudan bado ni moja, mzigo huo umekaa stoo muda mrefu. Shusheni bei au ondokeni. Nyota ya makao makuu ya Tanzania ikiwa Dar es Salaam, hilo si lazima liwe la kukataliwa. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa 1973, na swali la kwa nini mchapaji wa ng'ambo hajaupata linatosha kufungua kipindi kizima. Kagueni pia mshono wa ikweta: nusu mbili zikibandikwa vibaya, Uganda, Kenya na Gabon zinakatika vipande visivyokutana. Kinachovunjika mapema ni plastiki pale mhimili unapoingia kwenye stendi, kwa sababu watoto wanalisukuma tufe kutoka juu wakati wa kulizungusha. Chagueni lenye mhimili wa chuma na nati.

Udhaifu wake mkubwa ni darasa la watoto 80. Wanaosoma majina ni wanaoligusa tu, hivyo wapelekeni kwa zamu, wanane wanane, wengine wakiwa kwenye ramani.

Kwenye ramani ya ukutani kuna mtego ambao wauzaji wengi hawaujui. Tazameni Greenland. Ikionekana inalingana na Afrika, hiyo ni ramani ya Mercator, iliyobuniwa 1569 kwa ajili ya mabaharia; kwa uhalisia Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Kwa somo la uraia, ramani inayolipunja bara la mtoto inafundisha kinyume cha lengo. Tafuteni inayotunza uwiano wa ukubwa wa maeneo, kama zile ziitwazo Gall-Peters au Equal Earth, saizi A0 (kama sentimita 84 kwa 119) kwenda juu. Msiitoboe pembe na kuitundika kwa misumari: upepo wa kiangazi wa Dodoma unaichana. Ipigilieni mbao nyembamba juu na chini. Yenye plastiki inafutika vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, lakini ikielekeana na dirisha inamulika na nusu ya darasa haioni kitu.

Kifaa kizuri kinajulikana siku ya kazi, na mkoa huu wa Dodoma una mfano tayari: wilaya ya Kongwa. Kata uzi, bana ncha moja Kongwa kwenye tufe la sentimita 32, nyoosha hadi London: sentimita 18 hivi, yaani kama kilomita 7,200. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mradi mkubwa wa karanga ili kupata mafuta ya kula yaliyoadimika kwao baada ya vita. Mvua haba, udongo uliokauka ukawa mgumu na mitambo kuharibika viliuangusha, ukaachwa 1951. Halafu uzi uleule hadi Maputo, sentimita tano na nusu, na Windhoek, karibu saba: miaka ya 1960 Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji na SWAPO ya Namibia. Dakika 40 zinatosha ikiwa nyuzi zimekatwa kabla. Ziwe za pamba. Za nailoni zinateleza.

Shule isiyo na bajeti ichore ukutani, na kwa maoni yetu hii inaipita ya dukani. Pigeni rangi ya mafuta mikono miwili (chokaa inabanduka na mistari yake), chora mstatili wa mita 3 kwa 1.5, ugaweni miraba ya sentimita 12.5: 24 kwa upana, 12 kwa kimo. Kila mraba ni nyuzi 15 za latitudo na longitudo. Dodoma itaangukia sentimita 5 chini ya ikweta na sentimita 5 mashariki ya longitudo 30. Nchi za kaskazini zitatanuka kiasi, ila si kama kwenye Mercator. Makosa hutokea watu wakichora pwani kabla ya kumaliza miraba.

Kadi za bendera? Mtoto anakariri rangi, basi. Pesa hiyo nunueni uzi na rangi.