Kabati la Droo Saba Katika Gereji ya Mita 6 kwa 3.6: Uzoefu Wangu

Kabati ninalolizungumzia hapa ni lile la chuma lenye droo saba na magurudumu manne, ambalo siku hizi limejaa katika maduka ya vifaa ya Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kwa majina ya kila namna na karibu kila mara kwa rangi mbili tu, nyekundu na nyeusi. Limekaa zaidi ya mwaka katika gereji yangu ndogo iliyo nyumbani, Tabata, ambako mimi na kijana ninayefanya naye kazi hutengeneza magari madogo ya abiria, mengi yakiwa ya Toyota. Muuzaji hakuachii kabati hilo peke yake kirahisi. Hukushawishi uchukue pia kabati jembamba la kufunga ubavuni na sanduku la droo la kuweka juu, na ukivichukua vyote vitatu kwa pamoja anakupunguzia bei. Mimi nilichukua kabati kuu, nikaviacha hivyo vingine viwili, na sehemu ambayo vingeikalia nikaiacha wazi. Naeleza sababu zangu kwa kuwa nimewaona mafundi wengi wakiliamua jambo hili kwa kutazama wingi wa spana walizonazo, ilhali cha kutazamwa kwanza ni sakafu.

Magari ninayoyapokea zaidi, yaani Noah, Premio na IST ya toleo la kwanza, yote yana upana wa milimita 1,695, na usawa huo haukutokea hivi hivi. Kanuni za Japani huliweka gari katika kundi la magari madogo iwapo, pamoja na masharti mengine, upana wake hauzidi mita 1.7 na urefu wake hauzidi mita 4.7, na watengenezaji wa huko kwa miaka mingi wamekuwa wakijibana ndani ya mpaka huo. Kwa fundi wa hapa kwetu, ambaye riziki yake inategemea magari hayo yakishatumika huko, maana yake ni kwamba anaweza kuipigia gereji yake hesabu hata kabla gari halijaingia. Gari la namna hiyo likishaingia kwangu nabakiwa na mita 1.9 za upana, nami sizigawi nusu kwa nusu. Upande wa kulia naacha sentimita 70 hivi, ambazo zinatosha mtu kupita na kufungua tairi, na upande wa kushoto naacha mita 1.2.

Upande wa kushoto nimeupendelea kwa sababu ya giaboksi. Katika magari mengi ya Toyota yenye injini iliyolala kwa upana na kuendesha matairi ya mbele, injini hukaa kulia na giaboksi kushoto, kwa hiyo kazi nzito za chini ya boneti, kama kushusha giaboksi, kubadilisha shafti au kufungua maunti zake, humalizikia upande huo. Giaboksi ya Noah ikishashuka juu ya jeki inabidi ivutwe itoke chini ya gari, na anayeivuta anatakiwa awe na mahali pa kuchuchumaa nyuma yake, na mwenzake awe na mahali pa kusimama akiishikilia isiegemee upande mmoja. Hapo ndipo kabati la ubavuni lilipojikataa lenyewe. Lina kina cha sentimita 46, sawa na kabati kuu, na kwa kuwa ukuta wa mbele umekwisha kukaliwa na benchi lenye jiriwa pamoja na kabati kuu lenye upana wa sentimita 68, mahali pekee palipobaki pa kuliweka palikuwa ni ukuta wa kushoto. Ukitoa sentimita 46 katika mita 1.2 unabaki na sentimita 74. Ukiivuta droo hadi mwisho, nayo hutoka kwa takriban sentimita 40, unabaki na 34, na hapo hapapiti mtu aliyebeba kitu chochote. Akija mteja na Harrier ya toleo la pili, ambayo upana wake ni milimita 1,845, zinapungua nyingine 15.

Kipimo kinachoandikwa kwenye boksi la kabati, kwa hiyo, hakikuambii ukweli wote. Kila kabati la sakafuni lina eneo lake lenyewe, eneo la droo zikiwa wazi, na eneo la mtu anayesimama mbele ya droo hizo akitafuta soketi. Maeneo hayo mawili ya mwisho hayaonekani dukani, kwa kuwa dukani makabati hupangwa yamefungwa na mnunuzi husimama kwenye ujia. Nilichofanya ni kuchora kwa chaki sakafuni umbo la kabati likiwa limefunguliwa droo, nikaingiza gari, nikafanya kazi za kawaida huku nikijizuia kuikanyaga ile michoro. Kabati kuu, likiwa kwenye kona ya mbele karibu na benchi, halikunisumbua. La ubavuni nililikanyaga kutwa nzima. Chaki haina gharama, na namshauri kila anayekusudia kununua kitu cha kukaa sakafuni aanze nayo.

Sanduku la juu lina hoja yake peke yake, maana halili sakafu hata kidogo. Nililikataa kwa mambo mawili. Kwanza, uso wa juu wa kabati kuu, uliotandikwa mpira mwembamba, ndipo ninapoweka vipuri vya kazi iliyo mkononi: plagi zilizofunguliwa, boliti za kava ya valvu kwa mpangilio wake, trei ya sumaku yenye nati. Ukiweka sanduku hapo, vitu hivyo vinahamia kwenye bampa la mteja au sakafuni. Pili, kabati la magurudumu lililopandishwa hadi usawa wa kidevu na kujazwa chuma juu ni hatari linapogonga ufa wa sakafu, na sakafu yangu ina nyufa.

Sasa kuhusu kabati lenyewe. Droo zake zinateleza juu ya reli zenye gololi, na hata ile ya chini, niliyoiwekea nyundo, pula na gripu kubwa, bado inatoka bila kukwama. Kuna kizuizi cha ndani kinachokataa droo ya pili isifunguke wakati ya kwanza iko wazi. Mwanzoni kinaudhi, hasa unapotaka soketi kutoka droo moja na racheti kutoka nyingine, lakini ndicho kinacholizuia kabati lisianguke kifudifudi, na kabati lisilokuwa nacho nisingelinunua. Mgawanyo wa droo, yaani tano nyembamba juu na mbili za kina chini, unalingana na kazi za Toyota vizuri kabisa. Magari ya Kijapani hutaka zaidi spana za namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na 21 kwa nati za tairi, kwa hiyo droo moja ya juu inabeba spana zote ninazozigusa kila siku, na namba 13, 15 na 16 za magari ya Kijerumani zimekaa katika droo ya tatu, ambayo naifungua kwa nadra. Kufuli ni moja kwa droo zote, na ufunguo ukizungushwa, kijana anaweza kwenda kununua spea na mimi nikaingia ndani kula bila hofu.

Magurudumu ndiyo sehemu dhaifu. Mawili yanazunguka na yana breki, mawili yamesimama palepale, na yote ni madogo mno kwa sakafu ya saruji iliyopigwa kwa mkono. Sakafu yangu, kama ya gereji nyingi, ina mteremko wa kupeleka maji mlangoni, na breki zile plastiki zake zikishapata oili hazishiki tena, kwa hiyo kabati lilikuwa likijiondokea lenyewe polepole kuelekea gari la mteja. Nimeweka kabari za mbao. Baadaye nilinunua magurudumu ya inchi 5 na fundi wa kuchomelea akaniwekea bamba la kuyafungia, na tangu hapo linapita juu ya nyufa na juu ya waya wa kompresa bila kuinuliwa. Naona gharama hiyo ihesabiwe kama sehemu ya bei ya kabati. Jambo la pili ni kutu. Rangi imepigwa vizuri nje, lakini kwenye kingo za ndani za droo, mahali bati lilipokunjwa, ni hafifu, na hewa ya Dar es Salaam haisamehi. Wakati wa masika, spana iliyofutwa kwa kitambaa chenye maji na kufungiwa ndani hutoka na madoa mekundu haraka kuliko ile iliyoning'inia nje. Ninafuta vifaa kwa kitambaa chenye oili kidogo kabla ya kuvifungia, na chini ya droo nimetandika vipande vya mpira.

Vifaa ambavyo vingeingia kwenye kabati la ubavuni vimepanda ukutani. Nilimpa fundi wa kuchomelea kipande cha wavu wa BRC, ule wa chuma unaowekwa ndani ya zege, cha mita 2 kwa 1.2, akakizungushia fremu ya chuma cha pembe, akakunja nondo nyembamba kuwa ndoano, na tukaifunga fremu ukutani kwa boliti za kutanuka, ikiwa imetengana na ukuta kwa upana wa vidole viwili ili ndoano ziingie. Mbao za vitundu zilizotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandamizwa nilizikataa, kwa kuwa zinavimba zikinyonya unyevu na ndoano hulegea. Wavu huo umepanda usawa wa kifua kwenda juu na unatokeza ukutani kwa sentimita chache tu pamoja na vifaa vyake, kwa hiyo mtu anayechuchumaa kuvuta giaboksi anapita chini yake. Huko zimekaa spana kubwa, mitalimbo, nyaya za kuchaji, grainda, faneli na gani ya grisi. Faida yake nyingine, ambayo kabati haina, ni kuonekana: kifaa kikiazimwa na jirani, ndoano tupu inakidai yenyewe. Katika droo, kifaa kilichopotea hugunduliwa siku kinapohitajika.

Ukuta nao una kasoro zake. Vumbi la grainda hushuka juu ya kila kitu, na vifaa vya kupimia, kama feela geji na mita ya umeme, havifai kukaa huko hata kidogo. Tena ukuta haufungwi kwa ufunguo. Mimi gereji yangu iko ndani ya uzio na mlango wake ni wa chuma, ila kwa fundi anayefanya kazi chini ya mwembe kando ya barabara, ushauri wangu hautamfaa, na kabati la pili linalofungika linaweza kuwa ndilo analolihitaji zaidi kuliko nafasi, hasa kwa kuwa yeye nafasi anayo.

Kabla ya kupanga chochote ukutani nilipunguza. Ule utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi unaoitwa 5S, ambao umeenea hapa Tanzania viwandani na hata hospitalini, huanza na kusasambua, yaani kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika, na nilipovimwaga vifaa vyangu vyote kwenye turubai niliona kwamba sehemu kubwa ya kile nilichokuwa nakiita upungufu wa kabati ilikuwa ni vipuri vibovu vya wateja walioondoka zamani, makopo ya oili yaliyokwisha, na spana za namba zilezile zilizorudiwa. Vibovu vilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Vifaa vya msimu, kama kifaa cha kubania springi za shokamzoba, vimewekwa kwenye rafu iliyo juu ya mlango. Petroli ya kuoshea haimo katika hesabu hii, kwa sababu haikai ndani kabisa: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na gereji yenye grainda na mashine ya kuchomelea si mahali pake, wala droo ya chini ya kabati si mahali pake.

Kwa hiyo kabati kuu nalipa sifa, na ningelinunua tena pamoja na udhaifu wa magurudumu yake. Fedha ambazo zingekwenda kwenye vile viambatanisho viwili zilitosha jeki ya sakafuni ya tani 3 na stendi nne za kushikilia gari, na hivyo vimeniingizia kazi ambazo droo za ziada zisingeniingizia, maana sasa naweza kuliinua gari zima na kulizunguka pande zote. Mwenye gereji ya magari mawili sambamba, yenye upana wa mita 6 au zaidi, aliangalie upya kabati la ubavuni, kwa sababu katikati ya magari mawili kuna nafasi ambayo kabati la magurudumu linaweza kuhudumia pande zote mbili. Ukienda dukani, nenda na futi kamba, vuta droo zote moja moja hadi mwisho, weka uzito wa mkono wako kwenye ukingo wa ile iliyo wazi uone kama inaning'inia, kisha ligeuze kabati utazame boliti za magurudumu. Zikiwa zimefungwa kwenye bati tupu bila bamba la kuongezea nguvu, omba upunguziwe bei ya fundi wa kuchomelea. Mimi niliomba, nikapunguziwa.