Fotei ku dirisha ao matela chini?

Kama uko na kakona kamoja tu mu salo, hapa Goma, na unataka kukafanya fasi ya kusomea, utatafuta fotei ao utatupa matela chini? Mi nilijaribu yote mbili. Fotei ya mbao ya kwa seremala iko bei kweli, na yangu ilikuja juu ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, avenyu yote ikaangalia, lakini ukiiweka kando ya dirisha mwangaza unatokea ku bega haukupige mu macho, unasoma mpaka saa kumi na moja bila kuwasha kitu, kisha kura (umeme) ikikatika unatundika katara ka solere palepale. Shida ni ile vumbi nyeusi ya volkano, ukiacha dirisha wazi kitabu inakuwa nyeusi kama makala, basi weka rido.

Matela iko rahisi, mito mbili za kitenge na umemaliza, watoto nabo banapendaka. Ila huku tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, sima ya chini ya nyumba usiku ni baridi, bila mukeka chini matela inalowana na kunuka. Na mugongo je! Mi nilibakia na fotei, mito za matela nikazihamishia kule.