TAHADHARI: Kabati "jipya la mninga" kumbe bovu limepakwa rangi

Wapendwa, kabla hujatuma hela kwa mtu anayeuza fenicha mtandaoni hapa Dar, tafadhali soma hii.

Mwezi uliopita nilinunua kabati la nguo la milango miwili, jeupe, vitasa vya rangi ya dhahabu. Tangazo lilisema "jipya, mninga mtupu", shilingi 380,000. Nikatuma nusu kwa simu. Kirikuu ikalileta saa mbili usiku, umeme umekatika, nikalikagua kwa tochi na kumalizia hela. Lilikuwa linanuka thina bado.

Wiki ya tatu nikaona unga chini ya mguu wa nyuma, laini kama wa muhogo. Nikafagia. Asubuhi upo tena. Tukalilaza mimi na mdogo wangu, na hapo nikaishiwa nguvu: mguu mzima una vitundu kama vya sindano, vingine vimezibwa kwa vumbi la mbao na gundi. Nilipokwaruza kwa kucha, rangi ilibanduka kipande kizima, na chini yake vanishi ya zamani inang'aa. Hakupiga hata msasa! Vanishi inateleza, rangi haiwezi kuishika. Ilitakiwa ikwanguliwe, ipigwe praima, ndipo rangi ifuate.

Fundi wa jirani yetu alichungulia tu akasema, "Dada, moyo wa mninga bungua, hawa wadudu wanaotoboa mbao, hawauwezi kirahisi. Hii ni paini, na ubavuni wamekuwekea chipbodi." Muuzaji nilipompigia alisema ni joto la Dar. Siku ya pili akanibloku.

Naomba nieleweke. Kupaka rangi fenicha ya mtumba si kosa, ni kazi nzuri sana. Meza ya mama yangu niliipaka mwenyewe na hadi leo inasifiwa. Pale Keko wapo mafundi wanaokuambia wazi kwamba hii ni ya zamani, nimeitengeneza upya, na bei wanakupa ya haki. Ninayemlalamikia ni anayetumia rangi kuficha ugonjwa wa mbao halafu anaita kitu kipya.

Kwa hiyo angalia pale brashi isipofika. Chomoa droo utazame chini yake na nyuma yake. Geuza miguu. Ingiza mkono ndani ya kona za juu. Toboa kidogo kwa pini sehemu iliyojificha: mbao nzima itakataa, iliyobunguliwa itazama. Chipbodi utaijua ukingoni, ni chembechembe zilizogandishwa, na ikilowa inavimba. Omba picha za kabla ya kupakwa rangi. Aliyefanya kazi kwa uaminifu huwa nazo, maana ndizo zinazomletea wateja. Nenda mchana, na usilipe hata senti kabla hujaligusa.

Ukishauziwa, litoe chumbani haraka. Bungua wakikomaa wanatoka kutaga kwenye mbao nyingine. Na usiikwangue rangi ya zamani watoto wakiwa karibu, kwa sababu baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi.

Langu liko uani chini ya turubai. Tangazo lile bado linazunguka kwa namba tofauti, picha ni zilezile: kabati jeupe, vitasa vya dhahabu, limepigwa picha kwa mbele tu. Ukiliona, mwombe picha ya mgongo.