Mafuta ya mwarobaini kwa chawajani wa bamia: yanafaa, ila hayataki papara

Mafuta haya huzuia chawajani (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani) wachanga kujivua ngozi, kwa hiyo usitegemee mizoga kesho yake. Wakubwa wenye mabawa wengi watakuponyoka. Kwa bomba la lita 20, koroga mililita 30 za sabuni ya maji kwenye maji ya vuguvugu, tia mililita 100 za mafuta, ndipo ujaze. Ukiruka sabuni mafuta yanaelea: mimea mingine inapata maji matupu, mingine inaungua. Puliza jioni, chini ya majani hasa, maana jua huharibu upesi azadiraktini, kiini cha mafuta haya kinachofanya kazi. Rudia baada ya siku 7. Kingo za majani zikishakauka na kujikunja, umechelewa. Chupa isiyoandikwa kiwango cha azadiraktini? Iache dukani.