Jagi la umeme la stili: fungua kifuniko kabla hujauliza bei

Jagi ninalolisifia hapa ni la lita moja, wati 1350, stili ndani na nje, mkono wa plastiki nyeusi. Nililinunua Kariakoo kwa shilingi 32,000 na huu ni mwezi wa saba nalitumia, kila siku mara tatu au nne. Jina lililoandikwa ubavuni silitaji kwa sababu halitakusaidia: majina ya vitu hivi yanabadilika kila kontena likiingia, na jagi hilohilo utalikuta duka la pili limebandikwa jina jingine. Cha kukusaidia ni kujua pa kuangalia, na mimi nimejua baada ya kuumia.

Nimepanga Tabata, chumba na sebule, LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla) tunachangia kaya nne. Mama yangu yuko nami, amekuja kutoka Muheza kwa ajili ya matibabu ya magoti. Huamka alfajiri kuswali, na akishaswali anataka chai ya mchaichai, hapohapo, kabla jua halijatoka. Mkaa saa hiyo ni kero, na mtungi wa gesi nataka unifikishe mwisho wa mwezi. Ndiyo nikaingia kwenye majagi.

La kwanza nililichagua kwa kung'aa. Boksi liliandikwa stili, nami nikaona stili. Asubuhi yake mama alipiga funda moja akaweka kikombe chini. "Mwanangu, chai hii ina ladha ya ndoo mpya." Nikachemsha maji na kumwaga, mara tano, harufu ikapungua lakini haikuisha. Jioni nikawasha tochi ya simu nikachungulia ndani. Ukuta ulikuwa stili kweli. Lakini kifuniko kwa upande wa chini kilikuwa plastiki tupu, pete ya shingoni plastiki, kichujio cha mdomoni plastiki, na kile kidirisha cha kuonyeshea kiasi cha maji nacho plastiki. Nikalichemsha kidogo nikafungua taratibu: mvuke ulikuwa umegonga kifuniko, umegeuka matone, na matone yanadondoka kurudi kwenye maji, moja moja. Hapo nikaelewa ladha ya ndoo inatoka wapi. Maji hayachemkii ukutani tu, yanachemkia na kwenye kifuniko.

Mwezi wa pili kidirisha kikaanza kuvuja. Kwanza unyevu tu kwenye ukingo, nikawa nafuta kwa kitambaa. Kisha alfajiri moja tone likateremka mpaka kwenye kitako, tukasikia "cha!" na nyumba nzima ikazima. Mama alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Nililirudisha dukani siku hiyohiyo, na kijana akaniambia, "Dada, si tulilijaribu mbele yako?" Ni kweli alilijaribu: alichomeka, taa ikawaka, akachomoa. Hakutia hata tone la maji, nami sikudai. Hela yangu ikaishia pale, na bado naona sikutendewa haki.

Safari ya pili nilikwenda na chupa ya maji ya lita moja mkononi. Duka la kwanza walikataa, nikaondoka. La pili mzee mmoja akaniambia, "Tia tu mama, chemsha." Ukitia maji unajua mambo mawili kwa mpigo. Unajua kama linavuja, na unajua kama linazima lenyewe. Ndani, juu karibu na mkono, kuna kitundu kidogo. Mvuke unapita humo unashuka hadi kwenye kisahani cha metali mbili zilizogandana, kikipata joto kinapinda na swichi inaruka. Likishachemka kwa nguvu lihesabie. Likipita nusu dakika bila kuruka, liache. Na kwa sababu hiyohiyo usichemshe kifuniko kikiwa wazi: mvuke unaishia hewani, swichi haipati habari, maji yanakauka.

Kingine nilichokagua ni plagi, na hapa naomba mnisikilize sana. Jagi la stili ni chuma mkononi mwako. Waya wa ndani ukigusa mwili wake, kinachokuokoa ni waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini na unaofika kwenye mguu wa juu wa plagi. Majagi mengi ya bei rahisi yanakuja na plagi ya miguu miwili, na muuzaji anakupa adapta ya bure kama zawadi. Ukichomeka kwa adapta hiyo umeikata ethi. Mengine yana miguu mitatu lakini wa juu ni wa plastiki, umewekwa kufungua soketi tu. Kwa jagi la chuma, mguu wa juu uwe wa chuma. Hili sina mjadala nalo, hata kama lina bei ya kutupa.

Sumaku usihangaike nayo. Wapo wanaokuja na kasumaku ka friji, wakiona hakanati wanasema hii ni stili 304, ile nzuri isiyopata kutu upesi. Stili 201, ambayo inapata kutu upesi zaidi, nayo hainati, kwa hiyo hujazitenganisha.

Sasa umeme. Mama mwenye nyumba wetu alipoliona alisema jagi hili ndilo litakalomaliza LUKU ya watu. Sikubishana. Jumapili mchana niliwaomba majirani wazime kila kitu kwa nusu saa, nikamkalisha yeye mwenyewe mbele ya mita. Ilisoma 63.48. Nikachemsha lita moja, nikamimina kwenye ndoo, nikarudia mpaka mara tano. Kila safari ilichukua kama dakika nne na nusu. Mwisho mita ikasoma 62.97. Nusu uniti kwa lita tano. Yaani uniti moja inakuchemshia kama lita kumi. Akaangalia ndoo, akaangalia mita, akasema, "Basi na mimi nitakuja kuomba ya kuogea." Tangu siku hiyo hatujagombana.

Mtu atakuuzia la wati 2200 akisema linawahi. Linawahi kweli, na kwa maji yaleyale umeme unaokula ni karibu uleule. Shida ni nyaya. La 2200 linavuta karibu ampea kumi, hili langu kama sita. Kwenye nyumba ya kupanga yenye soketi za zamani, na watu wanaounga ekstensheni juu ya ekstensheni, dakika mbili za kusubiri ni afadhali kuliko soketi kuyeyuka. Mimi nachomeka ukutani moja kwa moja.

Kasoro linazo. Mwili wote unaunguza. Mama hulishika kwa ncha ya kanga kama sufuria, ingawa mkono wa jagi haupati moto. Kidirisha halina, kwa hiyo kujua maji yamefika wapi lazima ufungue. Kifuniko ni kigumu kwa vidole vya mtu mzima. Waya mfupi, imebidi meza isogezwe.

Maji yetu ni ya kisima, na wiki ya tatu nilikuta magamba meupe chini. Nakamua ndimu nne kwenye maji nusu jagi, nachemsha, naacha nusu saa, nasuuza. Linarudi kama lilivyotoka dukani. Waya wa kusugulia sufuria usilipitishe humo, utalikwaruza na uchafu utapata pa kushika. Maziwa usitie kabisa, yanafura na kushika chini, na harufu yake haitoki. Majani ya chai na mchaichai tunaweka kwenye chupa ya chai, maji ya moto yanamiminwa juu.

Mama anarudi Muheza mwisho wa mwezi, magoti yana nafuu. Ameshaniambia anataka la kwake, na kifuniko chake kiwe laini zaidi. Jumamosi narudi Kariakoo na chupa yangu ya maji, na safari hii nakwenda naye, vidole vyake ndivyo vitakavyochagua.