Shinji Ikari si mwoga: uzoefu wangu na Neon Genesis Evangelion

Kila aliyenisimulia anime hii, yaani katuni ya Kijapani, aliniambia kwanza kwamba shujaa wake ni mlialia. Nimeimaliza, episodi zote 26. Kulia analia kweli, lakini anayemwita Shinji Ikari mwoga hajatazama vizuri anachofanyiwa.

(Ninafichua mambo mengi humu. Kama hujaitazama, ishia hapa.)

Shinji ana miaka 14. Mama yake alipofariki, baba yake Gendo alimwacha alelewe na watu wengine, kisha siku moja akamwita aje katika mji wa Tokyo-3. Mtoto anafika akidhani labda amekumbukwa. Kumbe baba, mkuu wa shirika la NERV, anataka mtu wa kuendesha Eva Namba 01, mtambo mkubwa wa vita wenye umbo la mtu, na kupigana na viumbe waitwao Malaika, wakati huohuo, bila mafunzo yoyote. Shinji anakataa. Gendo hambembelezi wala hamgombezi. Anaagiza aletwe Rei aendeshe badala yake, msichana mwenye bandeji kila mahali, juu ya kitanda cha wagonjwa. Shinji anakubali. Hapo ndipo anime hii iliponinasa, maana mtoto amebanwa mpaka amekosa pa kutokea, halafu watu wazima wanaita hilo uamuzi wake.

Vita vyenyewe ni vitamu. Rubani anakaa ndani ya majimaji yaitwayo LCL na kuyapumua, na Eva ikivunjwa mkono, maumivu anayasikia yeye. Mgongoni kuna waya mnene wa umeme. Ukikatika, betri inadumu dakika tano tu. Nilijikuta natazama ile saa inayohesabu kurudi nyuma kuliko nilivyomtazama adui.

Ila kilichonikaa kichwani ni kiu ya Shinji ya kusifiwa. Katika episodi ya 12, baada ya kazi ya hatari kupindukia, baba anamwambia kwa mawasiliano ya mbali kwamba amefanya vizuri. Basi, ni hayo tu. Kijana anamwambia Misato, mlezi wake, kwamba pengine anaendesha Eva ili asikie maneno kama yale. Nenda sasa episodi ya 16: amempita Asuka, rubani mwenzake, katika jaribio, kichwa kimevimba, anajitia mbele kwa majigambo, na kivuli cha Malaika kinammeza yeye na Eva yake. Sifa kidogo tu zimemfikisha pale ambapo matusi yasingemfikisha.

Episodi ya 18 niliisimamisha katikati nikapumzika. Anaamriwa kuipiga Eva Namba 03 ambayo imetekwa na Malaika, na ndani yake kuna mtoto mwenzake. Anakataa kata kata. Baba anamnyang'anya usukani, mtambo unajiendesha wenyewe, na Shinji amekaa mlemle ndani akipiga kelele huku mikono asiyoitawala ikirarua. Sisi watazamaji tunajua ni Toji wa darasani kwake. Yeye anajua baadaye.

Si yote ni giza. Nyumbani kwa Misato friji imejaa bia na kuna pengwini anayeoga maji ya moto, na episodi za Asuka kuhamia humo zinachekesha kweli.

Sasa malalamiko. Episodi ya 25 na ya 26, iliyorushwa Machi 27, 1996, zinaacha vita kabisa na kuhamia ndani ya akili ya Shinji: picha zilizoganda, maandishi, maswali yasiyoisha. Wazo ninalikubali, na makofi wanayompigia mwishoni yana mantiki ukifuata ile kiu yake. Lakini Asuka, ambaye alikuwa anavunjika vibaya, anaachwa njiani, na hilo limenikera. Pia matoleo mengi ya mtandaoni ya nje ya Japani, tangu 2019, yameondoa wimbo wa zamani wa Kimarekani uliokuwa ukifunga kila episodi.

Tazama kwa sauti ya Kijapani; Megumi Ogata, mwanamke, anamfanya Shinji asikike kama mtoto hasa na si mwigizaji anayelia. Ukimaliza, fuata filamu ya 1997, The End of Evangelion, ambamo Asuka anapata pambano lake. Watoto wasiwepo sebuleni. Zile filamu nne mpya, za 2007 hadi 2021, ziache mpaka umalize hizi. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya Asuka.