Plastiki za injini: ipi ulipie, ipi uiache dukani

Kabla hujauliza bei pale Kisekka, soko la vipuri vya magari jijini Kampala, kigeuze hicho kifaa utazame upande wa ndani. Mtengenezaji makini hupiga chapa ya herufi, mfano >PA66-GF30<. Chapa hiyo ndiyo itakayokuambia kama plastiki itahimili joto la injini. Weusi na mng'ao havisemi lolote.

Ya kwanza kwangu ni PPS (polyphenylene sulphide). Huyeyuka kwenye nyuzijoto 280 hivi, na kulanti ya moto, yaani maji ya kupozea injini, haiidhoofishi kirahisi. Kwa nyumba ya themostati, ile vali inayofungulia kulanti njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, ukiipata, lipa. Mwambie tu fundi asikaze bolti kwa nguvu nyingi, maana hupasuka.

Ya pili, na ndiyo wengi wetu tutakayonunua, ni PA66-GF30: nailoni iliyochanganywa na asilimia 30 ya nyuzi za kioo. Ndiyo ya matanki ya rejeta na vifuniko vingi vya juu ya injini. Huyeyuka karibu na nyuzi 260, ila usidanganyike na namba hiyo. Kinachoimaliza ni miaka ndani ya kulanti ya moto. Tazama mdomo wa tanki pale mpira unapofungwa: weusi umegeuka kahawia, na nyufa nyembamba kama nywele zinazunguka shingo. Hilo halina maisha, hata muuzaji akiapa kwamba limetoka Japani. Tanki la rejeta nunua jipya. Kifuniko cha juu ya injini kilichotumika si kibaya, mradi hakijapinda. Kilaze juu ya kioo, uone kama kinakaa sawasawa.

PA6-GF30, nailoni ya aina nyingine yenye nyuzi za kioo kiasi hichohicho, ni ya tatu. Huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi na hunywa maji zaidi, basi ibaki kwenye manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini.

PP (polipropilini) ni ya mwisho, huyeyuka kwenye nyuzi 160 na kidogo. Inafaa sana kwa tanki la akiba la kulanti na kasha la betri. Kwenye nyumba ya themostati, ikatae.

Chapa nazo hughushiwa. Omba ndoo ya maji, uzamishe kifaa na kutoa hewa yote iliyonaswa. Kikielea, si nailoni wala PPS, hata kiandikwe nini. Kuzama peke yake hakuthibitishi, kwa kuwa PP yenye nyuzi za kioo huzama pia.

Ukinunua tanki, nunua na mfuniko wa rejeta siku hiyohiyo. Kabale, mji wa kusini-magharibi mwa Uganda, iko mita 2,000 hivi juu ya bahari. Huko maji matupu yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na themostati nyingi hufunguka kati ya 82 na 88. Mfuniko ukishalegea, presha inayozuia kulanti kuchemka mapema hupotea, na nafasi iliyobaki kabla ya kuchemka ni ndogo mno. Soma namba ya presha kwenye ule wa zamani, mara nyingi 0.9 au 1.1, uchukue iliyo sawa nayo.